Mafundi wa boti anzeni na ethi kwanza

Mhariri naomba kanafasi. Nina boti ya faiba hapa Mafia, wiki mbili dashibodi inanizingua, ukiwasha taa za usiku geji ya mafuta inapanda yenyewe mpaka fulu na ya temprecha inachezacheza, ukizima zinarudi. Fundi kaja, dakika tano tu, eti dashibodi imekufa nunua nyingine. Nikagoma, hela yenyewe iko wapi.

Nikaazima mita ya kupimia umeme, betri inasoma volti 12.6 haina shida, nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye ethi ya dashibodi, yaani pale umeme unaporudi kwenda hasi ya betri, huku taa zinawaka, ikaja volti 1.8 wakati ilitakiwa iwe karibu na sifuri. Kufungua nyuma nakuta bolti ya ethi imeota kutu ya kijani, chumvi hiyo. Nikaikwangua kwa msasa, nikafunga kichwa kipya cha waya, nikapaka grisi, geji zote zikatulia. Sasa mafundi wetu jamani, hizo mita mnabebea nini? Na sisi wenye boti nasi tuache kusokota waya na kuzungushia solotepu, maji ya bahari yanapanda mle ndani, ukija kukata unakuta shaba nyeusi tii.

Mwenye boti, Kilindoni