Tangazo la kamari juu ya kifo cha Edgar: barua kwa kampuni ya king'amuzi

Buruburu,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana au Bibi,

KUH: KUKATIZWA KWA TAMTHILIA YA "24", MSIMU WA 5, KIPINDI CHA 12

Natumaini barua hii inawafikia mkiwa salama. Mimi si salama sana, ila nitajikaza niandike kwa heshima, kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na pili kwa sababu kijana wenu wa simu alinikumbusha kwamba maneno yangu yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Haya basi, na haya pia yawekeni kwenye rekodi.

Sitawasimulia tamthilia yenyewe, ile ambayo msimu mmoja ni siku moja na kila kipindi ni saa moja yake. Mmeilipia, mnaitangaza kila jioni, mnaijua. Masharti ya kifurushi changu pia mnayajua, mliyaandika nyinyi. Shida yangu ni mwisho wa kipindi cha Alhamisi usiku.

Gesi ya sumu imeshaenea kwenye ofisi ya kupambana na ugaidi. Waliowahi wamejifungia kwenye chumba kilichozibwa, Chloe akiwa mmoja wao. Edgar, mwenzake wa kazi, amechelewa. Anatokea nje ya kioo, anamwona Chloe, anaita jina lake, anaanguka. Hakuna wa kumfungulia, maana mlango ukifunguliwa wanakufa wote. Hapo inatokea ile saa ya tarakimu za njano, ambayo siku zote hudunda kila sekunde, na safari hii haidundi. Inahesabu kimyakimya. Hivyo ndivyo watunzi walivyomzika Edgar. Kwenye runinga yangu, kabla saa hiyo haijatokea, alitokea mwanamume mwenye shati la kung'aa akipiga kelele kwamba nikiweka shilingi hamsini leo nitaamka milionea.

Nilipiga simu usiku huohuo. Baada ya kusikilizishwa ule wimbo wenu mpaka nikaukariri, akapokea kijana mmoja mwenye adabu, sina neno na adabu yake. Akaniambia nisubiri aulize. Aliporudi akasema hivi: "Mama, wenzangu wanasema mwisho wa kipindi haukuwa na sauti, kwa hivyo mitambo ilidhani kuna hitilafu ikaingiza tangazo."

Hitilafu! Tamthilia iliyotikisa watu wazima wakashindwa kulala, iliyopata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2006 kwa msimu huu huu, nyinyi mmeiona ni mtambo mbovu. Kwa misimu yote minane saa ile imenyamazishwa mara chache mno. Mara ya kwanza ilikuwa mwisho wa msimu wa kwanza, mwaka 2002, mke wa Jack, shujaa wa tamthilia, alipouawa. Kila anayeifuatilia anajua kwamba saa ikinyamaza, kuna mtu wa kuliliwa. Hakuna hata mmoja pale kwenu aliyekwisha kuitazama? Mnauza chakula msichokionja?

Wala msiniambie kwamba matangazo lazima yawekwe mahali. Najua biashara ni biashara. Lakini tamthilia hii, kuliko zote, imewatengea nafasi yenu. Saa moja ya hadithi ni saa moja kamili, ila picha yenyewe ni kama dakika 43 au 44 tu, zilizobaki ni za matangazo, na saa inazihesabu hizo pia. Mkirudi kutoka kwenye matangazo, dakika zimeshasonga na watu wameshafika walikokuwa wakienda. Nafasi mlipewa, tena ya kutosha. Mkaiacha hiyo mkaenda kukanyaga sekunde chache ambazo hazikuwa zenu. (Kuna na jambo lingine linalonifurahisha kila mara: msimu huu unaanza saa moja asubuhi, kwa hivyo kwa hesabu yetu ya saa kipindi cha kumi na mbili kinaanza saa kumi na mbili jioni barabara. Nilikuwa nimempangia binti yangu kumwonyesha hilo mwishoni. Hatukufika huko.)

Tena nilisahau ya Jumatatu. Jumatatu hiyo kabla ya kipindi mlikuwa mnarusha kionjo chenye uso wa Chloe akiwa ameduwaa, na maandishi chini, "Nani hatatoka hai?" Binti yangu, ambaye msimu huu ulipotoka mwaka 2006 alikuwa hajazaliwa, akaniuliza, "Mum, ni Edgar?" Nikamwambia sijui. Nimemficha tangu msimu wa nne, tangu mama yake Edgar alipojitoa uhai ili mwanawe aendelee na kazi, na mtoto akampenda Edgar tangu siku ile. Kumfichia siri kijana wa siku hizi mwenye simu mkononi si kazi ndogo. Niliifanya. Nyinyi mnaolipwa mkashindwa.

Ijumaa nikaenda kwenye duka lenu la mjini, karibu na Tom Mboya, nikidhani ana kwa ana tutaelewana. Dada wa kaunta hata hakuinua macho. Aliuliza kama dikoda inawaka. Nikasema inawaka. Kama picha ilikuwepo. Ilikuwepo. "Sasa mama, shida ni gani?" Nikamweleza, na watu wa foleni wakisikia. Akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu analilia sinema." Wakacheka, na mimi nimesimama pale na risiti mkononi.

Kwa kuwa inaonekana hakuna aliyenielewa, wala kwenye simu wala kwenye kaunta, naieleza tena ile dakika, na safari hii nawaomba msikilize.

Taa za sebuleni tulikuwa tumezima. Binti yangu amenikamata mkono, kucha zimeniingia. Edgar yupo nje ya kioo, jasho linamtoka, haamini. Anasema, "Chloe?" kama mtu anayeuliza njia. Mate yanamtoka kama povu. Anapiga magoti. Chloe, ambaye kutwa humfokea, hawezi hata kupepesa jicho. Edgar analala chini. Nasikia mtoto anavuta pumzi, najua sasa inakuja ile saa, najua atailia, nimengoja jambo hili msimu mzima. Ndipo sauti ikapanda mara mbili ya ile ya kipindi (hilo nalo mtanieleza siku moja, kwa nini matangazo yenu hupiga kelele kuliko vipindi), muziki, shati la kung'aa, sarafu za dhahabu zikinyesha juu ya mahali palepale alipoanguka maiti. Rimoti ikaniponyoka. Na binti yangu akacheka. Hakutaka, lilimtoka tu, kwa sababu ilikuwa kichekesho. Mtoto aliyempenda Edgar alicheka Edgar akifa, na mliomchekesha ni nyinyi.

Nilipotoka dukani mkanitumia ujumbe: "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupe nyota." Limetatuliwa na nani?

Nilipoanza barua hii nilikuwa nataka mambo mawili tu. Mkirudie kipindi cha 12 kizima, usiku, saa ileile, bila kugusa mwisho wake, na muweke maandishi ya kuomba radhi kabla hakijaanza. Hayo bado nayataka. Lakini nimefika hapa nikakumbuka kicheko cha pale kaunta, kwa hivyo naongeza: pesa zangu za mwezi huu zirudi kwa M-Pesa, kwenye nambari ileile niliyolipia, siyo kwa "pointi" wala kifurushi cha bure cha wikendi. Kifurushi kikiisha saa sita usiku huwa mnakata saa sita usiku, hamchelewi hata sekunde. Kumbe saa mnaijua vizuri.

Na dada wa kaunta anipigie simu yeye mwenyewe aniombe msamaha. Si meneja wake. Yeye.

Nawapa siku kumi na nne. Zikipita, nakala ya barua hii itakwenda Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way, nami nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Huko sihitaji wakili, na dai la huduma kama langu, lisilozidi shilingi milioni moja, linasikizwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro za huduma hiyo. Mtamweleza hakimu kwamba kimya ni hitilafu. Nitaleta kipindi chenyewe kwenye diski, aione saa ile akiwa mahakamani, kisha atuambie mbovu ni nani. Na siku hiyo nitakuja na dikoda yenu, rimoti na nyaya zote, nizikabidhi mbele yake. Majirani zangu wawili wa ploti hii wanaofuatilia tamthilia hiyo wameshasema watakuja na za kwao.

Kadi yangu mnayo kwenye mitambo. Ile inayofanya kazi.

Wenu, kwa siku kumi na nne zijazo,

Mteja wa Buruburu