Yona, hilo fumbo la 63

Dodoma, Jumapili jioni

Ndugu yangu Yona,

Mbukwa! Huku hatujambo, ni vumbi tu na upepo wa kung'oa mabati. Mama Neema anakusalimu. Unisamehe kwa ukimya. Notsi zako za kidato cha sita, za jinsi spishi (aina za viumbe) mpya zinavyotokea, nimezisoma zote. Nzuri, ila ukurasa wa baghala usiutoe kopi kwanza.

Umeandika punda ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 62, farasi 64, mtoto wao, baghala, 63. Witiri haigawanyiki kwa mbili, basi ni tasa. Hesabu sawa: 31 za punda, 32 za farasi. Sababu ndiyo inayochechemea. Yule farasi mwitu wa Mongolia, wa Przewalski, ana 66. Akizaa na farasi wa kufugwa, mtoto anakuwa na 65, witiri vilevile, na anazaa vizuri tu! Kwa wale wawili tofauti ni ndogo: kromosomu moja ndefu ya wa kufugwa ni mbili fupi za mwitu zilizoungana, kwa hiyo zote tatu hujipanga pamoja. Kwa baghala vipande vimehamahama kwenye kromosomu nyingi. Ikifika meiosisi, ule mgawanyiko wa seli ambapo kromosomu hujipanga jozi jozi, hazipatani, na kutengeneza mbegu au mayai kunakwama. Wanafunzi wakipanga njiti 63 mezani mbili mbili watabakiwa na moja, watashangilia, na watakuwa wamedanganyika.

Mbuzi (60) na kondoo (54) uwape kwa ufupi. Hulala zizi moja na hupandana, lakini mimba ikishika, kwa kawaida huharibika. Hilo watoto wa wafugaji wa Mpwapwa watalielewa kabla hujamaliza sentensi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba umeanzia kwenye utasa, kana kwamba spishi huzaliwa siku hiyo. Anzia kwa furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Dume wa spishi iitwayo Pundamilia pundamilia ni wa buluu, hukaa maji ya juu. Wa Pundamilia nyererei (ndiyo, Mwalimu mwenyewe) ana wekundu, hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika umeelemea wekundu. Kwenye tangi lenye mwanga mweupe, jike humfuata dume wa rangi ya kwao. Washa taa ya rangi ya chungwa peke yake, anachagua ovyo. Na machotara wao wanakua, wanazaa! Ukuta wote uko kwenye jicho la jike. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani na spishi zinaanza kurudi kuwa moja. Baghala hawezi kukuonyesha hilo.

Kwa hiyo furu kwanza, mbuzi katikati, baghala mwisho. Na ile hoja ya witiri ya 63, tafadhali, ifute kwa wino.

Kopi unatoa lini? Mvua huko imeshagusa? Ule mchoro wa meiosisi ulichora mwenyewe au ni kazi ya Sechelela? Na mbona hujasema lolote kuhusu mguu wa mzee?

Wako,
Elia