Barua kwa mwanangu: ini la baba yako

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Umeuliza kwa nini ini la baba yako lina mafuta ilhali hajawahi kuonja pombe, na kama hizo RNA mnazosoma chuoni, zile nakala zinazotolewa kwenye DNA, zinahusika. Zinahusika, ila si kama mwenzako anavyodai, kwamba mojawapo izimwe ili kolesteroli ishuke.

Pombe si sababu pekee. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapobeba matone ya mafuta, na kwa wengi kinachochangia ni kitambi, kisukari na vinywaji vya sukari. Sasa tuje kwenye RNA: ni kama asilimia 2 tu ya DNA yetu inayobeba maelekezo ya protini. Sehemu kubwa iliyobaki iliwahi kuitwa takataka, na humo hutoka RNA zisizounda protini. Zilizo fupi mno, herufi 22 hivi, ndizo maikro-RNA. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliozigundua kwenye mnyoo mwaka 1993, walipewa Nobel mwaka 2024.

Kwenye ini inatawala moja: miR-122, takriban asilimia 70 ya maikro-RNA zote za humo. Ni kama mtu wa jikoni anayechana oda kabla mpishi hajaisoma: hushika RNA yenye ujumbe wa jeni, protini ya jeni hiyo ikapungua.

Hii ndiyo mwenzako anataka izimwe ili kolesteroli ishuke. Kushuka inashuka, panya wameonyesha. Lakini panya walioondolewa jeni ya miR-122 kabisa, maini yao yaliingia mafuta, yakapata makovu, hatimaye saratani. Na kwa wagonjwa, miR-122 mara nyingi hupungua ndani ya ini huku ikiongezeka kwenye damu, maana seli zinazoumia huivujisha. Hapo ndipo mimi niliyezeekea maabara napapenda: huenda kipimo cha damu kikapunguza haja ya kuchoma ini sindano na kukata kinyama. Bado lakini. Huvuja pia kwa homa ya ini na kwa dawa zinazolidhuru, kwa hiyo ikipanda haikwambii limeumizwa na nini.

Baba yako usimtajie miR yoyote. Daktari kamwambia apunguze asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake. Soda kaacha. Chapati za asubuhi bado tunagombana, na wewe ukija likizo usimletee visheti.

Mama yako