Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Bustani na Kilimo Hai, Dodoma

Wazee wetu, mama zetu, vijana, ndugu wanachama wenzangu, mbukwenyi.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla mvua hazijaanza, ili tutakayokubaliana leo yaingie shambani msimu huu huu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, mimi sitazigusa. Nitasema kuhusu kazi: mwaka huu tumejifunza nini, na tumejifunzaje.

Nianze na namna ya kujifunza, maana ndiyo iliyobadilika. Mkutano uliopita uliamua mafunzo yatoke ukumbini yahamie kwenye bustani za wanachama, na ndivyo tulivyofanya. Tumekutana kwa zamu Mkonze, Ntyuka, Nzuguni hadi Ihumwa. Mwenyeji anaonyesha anachokiweza na anasema wazi kinachomshinda, wageni wanashika majembe. Posho hakuna, kuna uji wa uwele. Wapo waliotuonya kwamba bila posho watu hawatatokea. Wametokea, na wengi wamekuja na watoto wao. Naomba tusirudi tena kwenye utaratibu wa zamani. Wengi wetu tuna madaftari ya semina yaliyojaa maelezo ya mboji, na nyumbani hatukuwahi kuwa na hata biwi moja, yaani rundo la mboji. Mwaka huu karibu kila uwanja nilioutembelea una biwi lake.

Sasa maji. Mkoa wetu unapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na katikati yake jua huwaka wiki kadhaa mfululizo, mtama ukaanza kukunja majani. Mkulima wa Dodoma anayetaka kulima bila mbolea ya dukani lazima kwanza ajue kuyafanya maji yakae ardhini. Kwa hili hatukuhitaji kwenda mbali. Mashimo ya Chololo yalibuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, na leo yanafundishwa kwingine.

Kwa ambao hawakuwepo siku ile Mkonze: shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari ni 90. Udongo uliochimbwa unawekwa ukingoni, upande wa chini wa mteremko, uzuie maji yasikimbie. Ndani unatia majivu kidogo ya kuwazuia mchwa, halafu samadi, halafu mabua yaliyokatwakatwa, kisha unarudishia udongo kidogo na kuacha shimo na kina chake. Mvua ya kwanza inaingia, mabua yanaishika. Unapanda mbegu mbili tatu za mtama au uwele na baadaye unapunguzia. Kazi ni ngumu, sitawadanganya, maana Oktoba udongo wetu unagonga jembe kama saruji. Ndiyo maana tumechimba kwa ujima, leo kwako kesho kwangu. Waliochimba msimu uliopita waliona wenyewe kile kipindi cha jua: mistari ya mashimo ilibaki kijani wakati shamba la jirani lililopandwa juu juu lilishanyauka.

Kwenye mboji nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakibadilika. Siku ya Nzuguni mwenyeji wetu, mama mmoja anayelima nyuma ya nyumba yake, alikuwa na biwi lililokwama. Alilipanga vizuri, mabua chini, samadi ya mbuzi, majani mabichi, majivu, udongo, tabaka juu ya tabaka, na fimbo ndefu ya kupimia joto akaichomeka katikati. Ilipochomolewa mbele yetu ilitoka baridi na kavu, ina vumbi jeupe. Hakuna aliyetoa hotuba. Mzee mmoja aliyefuga ng'ombe maisha yake yote akaokota konzi ya lile biwi, akaikamua, akasema, "Mwanangu, hii ina kiu." Tukalibomoa, tukaligeuza, tukamwagia maji ya kuoshea mchele na ya kisimani tabaka kwa tabaka, tukafunika kwa majani makavu na magunia. Baada ya siku chache alitupigia simu: fimbo inatoka ya moto, haishikiki. Tangu hapo kipimo cha kukamua kwa mkono kimeenea chama kizima. Ikikamuliwa, mboji inatakiwa ishikane bila kudondosha maji. Hewa yetu ni kavu mno, kwa hiyo wale waliokuwa wakirundika juu ya ardhi sasa wanachimba shimo la kina cha goti, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kila mwanachama wa hapa kwetu wakati wa kiangazi.

Samadi mbichi moja kwa moja kwenye mchicha, bado wapo wanaoifanya. Inaunguza mizizi na inaleta mbegu za magugu. Iozeshwe kwanza. Na inayonunuliwa kwenye mazizi na kuletwa kwa guta, ulizeni imekaa juani muda gani, maana iliyopigwa na jua miaka inakuwa imepoteza nguvu nyingi.

Wanachama wenye visima vya maji ya chumvi wamelalamika kwamba tuta linabaki na ukoko mweupe. Tulichojifunza ni kumwagilia kwa kushibisha badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku, kuweka matandazo mazito, na kuchagua mazao. Maharage, karoti na vitunguu havipendi chumvi. Spinachi na bitiruti zinavumilia zaidi. Mvua ikija, kingeni maji ya paa kwa ajili ya vitalu.

Nije kwenye nyanya, jambo lililotugawa. Kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, amekuwa nasi Tanzania tangu 2014, na kiwavi wake anakula akiwa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, ambako dawa ya kupulizia inamfikia kwa shida. Tena amezoea dawa nyingi za viwandani. Mwaka huu aliingia kwenye bustani zetu kadhaa. Kikundi kimoja kilimkabili kwa kuchuma majani yenye michirizi kila asubuhi na kuyafungia kwenye mfuko mweusi juani, kutega beseni la maji ya sabuni chini ya taa usiku, na kupulizia mwarobaini jioni jua likishapoa, kwa sababu mwanga mkali unaua nguvu ya mwarobaini. Walipoteza nyanya, lakini walivuna. Baadaye waligundua kwamba mnafu uliojiotea kando ya tuta ulikuwa umejaa viwavi hao hao. Mnafu, bilinganya na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya. Basi msifuatanishe mazao hayo kwenye tuta moja, hata mkiwa mnapenda mnafu kiasi gani.

Wengine walikimbilia dawa ya dukani, halafu nyanya zikaja kwenye meza yetu ya pamoja sokoni. Kamati iliziondoa. Najua wapo waliokasirika, na kuna mwenzetu hajahudhuria tangu siku ile. Nimemfuata nyumbani na nitamfuata tena, kwa sababu ni mkulima mzuri na tunamhitaji. Lakini uamuzi ule nausimamia. Mama anayenunua mboga kwetu na kupita meza nyingine zote anafanya hivyo kwa ajili ya mtoto wake. Hana maabara, ana neno letu tu. Mwanachama aliyezidiwa na wadudu akaamua kupulizia ana haki ya kuokoa mazao yake. Asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa, auze mwenyewe, asilete kwenye meza ya chama.

Hili linanipeleka kwenye alama ya Kilimohai, inayomwonyesha mnunuzi kwamba zao limefuata kiwango cha kilimo hai. Kiwango cha mazao ya kilimo hai cha Afrika Mashariki kilipitishwa 2007, na wakulima wadogo wanaweza kufuata mfumo wa kukaguana wenyewe kwa wenyewe, kwa kumbukumbu za maandishi. Kutembeleana tayari tunatembeleana. Kinachokosekana ni daftari. Napendekeza kila mwanachama aanze kuandika mwezi huu alichopanda, alichotia na alichopulizia.

Mbegu: akina mama wamekusanya mlenda, mgagani, mchicha wa kienyeji na kunde, na tumebadilishana wenyewe kwa wenyewe. Kunde zihifadhiwe zikiwa kavu kabisa, kwenye chombo kinachofungwa barabara, na majivu yaliyochekechwa. Mbogamboga hizi zimewalisha Wagogo katika ukame kwa vizazi, na zinaota hapa bila kubembelezwa. Inaniuma nikikuta kitalu chenye mbegu za paketi tupu na mlenda umeng'olewa kama gugu.

Ardhi ni jambo zito. Tangu Serikali ihamie na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mashamba ya pembezoni yanapimwa viwanja mwaka hadi mwaka. Wenzetu kadhaa hawana tena pa kulima mtama. Tumeanza bustani za viroba na magunia kwa ajili yao, na zimewapa mboga za nyumbani, ila hazitoshi kwa nafaka. Yule mzee aliyetuazima shamba darasa amekubali msimu mwingine mmoja. Nashukuru mno, na naomba kamati ipewe idhini ya kutafuta eneo la kukodi kwa mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa.

Mapendekezo matatu yapigiwe kura leo: mafunzo ya bustanini yaendelee bila posho, daftari la kumbukumbu liwe sharti la kuuza kwenye meza ya pamoja, na kamati itafute shamba la kukodi. Uchaguzi wa katibu utafuata baada ya hesabu. Ujima wa kuchimba mashimo unaanza Jumamosi ijayo Ntyuka, saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na sururu, majembe peke yake hayatatosha kule, na kila mmoja abebe majivu ya jikoni kwake.

Mwenyekiti