Malalamiko: mmefungua pampu ya Dodge yangu wakati ubovu ulikuwa nje ya pampu

Kwa meneja wa gereji,

Salaam, na poleni na kazi. Nawaandikia kuhusu ile Dodge Ram ya kijani yenye usukani wa kushoto, injini ya Cummins lita 5.9 valvu 12, iliyoingia hapo kwenu Tanga na shida mbili tu, nilizitaja mwenyewe mapokezi na kijana wenu akaziandika: kruzi (ile ya kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta) inashika halafu inaachia, na gari haivuti mlimani ikiwa na mzigo. Ikatoka kwenu na bili ya kufungua pampu ya dizeli, zile shida mbili zikiwa palepale, na ya tatu mmeniongezea nyie.

Fundi wenu alinicheka kwanza, eti kruzi ya nini barabara zetu hizi. Mimi napakia machungwa Muheza napeleka Dar, na kipande cha Segera mpaka Chalinze mnakijua wenyewe, tochi zimejificha kila mahali, ukipitiliza kidogo tu elfu thelathini hiyo imeenda. Dashibodi yangu inasoma maili, nikiweka 50 ya maili ambayo ni kama 80 yetu natoa mguu, macho yanabaki barabarani sio kwenye mshale. Vikija vibao vya 50 nagusa breki inakata. Sasa hilo la kucheka ni nini?

Tuje kwenye pampu maana ndiko hela ilikoenda. Mliniambia gari haivuti kwa sababu pampu imechoka, mkafungua. Sawa, ila hakuna mtu aliyejisumbua kuangalia kama mkono wa pampu, ule unaoongeza na kupunguza mafuta, unafika mwisho. Nimeipeleka kwa mzee mmoja fundi pale Ngamiani, hata hakuwasha gari, akaniambia ingia ndani kanyaga mafuta mpaka chini ubaki hapo hapo, yeye akainamia injini akaangalia, akaniita nije nione na kijana wake akakanyaga badala yangu. Mkono wa pampu unasimama kabla ya kugusa boliti yake ya mwisho, nafasi ya kidole kizima inabaki! Yaani mimi nimekanyaga mpaka kwenye bati lakini pampu inajua nimekanyaga robo tatu. Hizi pampu za Bosch za injini hii hazina kompyuta ya kuziambia chochote, zinapata habari kwa waya kutoka kwenye pedeli, waya unavuta kipande cha chuma ubavuni mwa injini, kile kipande nacho kinasukuma fimbo fupi yenye bolijointi (kiungo cha gololi) huku na huku, na fimbo ndiyo inavuta mkono wa pampu. Bolijointi moja ilikuwa imelika inacheza cheza na fimbo imefungwa fupi. Mzee akabadilisha ile bolijointi, akairefusha fimbo kwa nati zake mpaka mkono ukagusa mwisho na ukirudi unakaa vizuri kwenye boliti ya sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta). Bei aliyonitajia naona aibu kuiandika hapa karibu na ya kwenu.

Na nyie kwenye kufungua mlikata sili ya pampu. Ile bati ya ndani inayopima mafuta mmeisogeza mbele, mzee kaijua kwa moshi tu kabla hajashika spana. Kwa hiyo sasa hivi mkono unafika mwisho NA mafuta yanamwagwa kupita kiasi, nikipanda na mzigo natoa moshi mweusi kama tanuri la chokaa, joto linapanda na dizeli inakwisha kabla sijafika nilipozoea kujaza. Sikuomba nguvu ya ziada mimi, niliomba nguvu yangu ya zamani.

Kruzi nayo hamkuigusa. Kwenye karatasi yenu mmeandika "kruzi mbovu, spea haipatikani". Spea ipi? Jamani gari ya petroli inanyonya upepo yenyewe kwenye manifodi, dizeli hainyonyi hivyo kwa sababu haina kile kilango cha kuzuia hewa, ndio maana imewekewa pampu yake ya vakyumu (ya kunyonya hewa) inayozungushwa na injini, na ile vakyumu ndiyo inavuta sevo ya kruzi, yaani kile kifaa kinachokanyaga mafuta badala yangu, na sevo inavuta waya wake kwenye ile ile linkeji ya mafuta, zile chuma na fimbo nilizozitaja. Kwenye Dodge hii sevo imekaa chini ya trei ya betri upande wa dereva. Maji ya betri yamedondokea mpira wa vakyumu miaka yote hiyo ukapasuka, ukiwa tambarare unavumilia, ukipanda unavuja, kruzi inaachia. Mzee alichomoa mpira akaunyonya kwa mdomo, haukushika, akakata kipande kipya cha mpira akaweka, kwisha. Akaangalia na swichi ya breki maana umeme wa sevo unapitia pale, pedeli isiporudi sawasawa kruzi haikubali hata kuwaka, ila hiyo ilikuwa nzima.

Sasa hili la tatu ndilo limenifanya niandike badala ya kuja kugombana. Mlipofunga linkeji hamkurudisha spring ya kuvuta mkono wa pampu, na waya wa kruzi mliukaza mpaka hauna ulegevu hata kidogo. Kwanza moto ukawa unabaki juu gari ikisimama, nikajua ni sailensa. Halafu nateremka kuelekea daraja la Wami na tani ya machungwa nyuma nimetoa mguu, gari inaendelea kuvuta! Nikaingiza ncha ya kiatu chini ya pedeli nikaivuta juu ndio ikaachia. Mbele yangu kulikuwa na basi. Mlitegemea nini kama pedeli ingegoma?

Ninachotaka ni hiki. Hela ya kufungua pampu irudi yote, ile ya mafuta mliyooshea sidai, chukueni. Pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia kwa fundi pampu nitakayemchagua mimi, bati irudishwe ilipokuwa na sili mpya iwekwe, gharama yenu. Spring yangu muitafute, ipo hapo hapo gereji kwenu haijapaa, na zile spea za zamani mlizotoa kwenye pampu nazo nazihitaji maana nimezilipia na sikuziona. Halafu mnijibu kwa maandishi, msinipigie simu kuniita bosi bosi.

Risiti ninayo, karatasi yenu ya mapokezi ninayo, na kijana wa mzee alipiga picha ya mkono wa pampu kabla haujaguswa. Nawapa wiki mbili, zikipita kimya hivi vyote navipeleka Tume ya Ushindani.

Mwenye Dodge ya kijani,
Mikanjuni, Tanga