Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: karakana ndogo nazo ni viwanda

Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini,

Pokea salamu kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda. Nakuandikia kwa heshima inayostahili ofisi yako, lakini nakuandikia hadharani, kwa sababu barua tulizozipeleka kimyakimya kwa wanaohusika na laini yetu, zikiwa na mhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na sahihi za majirani, hazijajibiwa hata moja. Wiki iliyopita mota ya mashine yetu imeungua tena, na subira yetu imefika mwisho.

Sisi ni kikundi kinachotengeneza mkaa mbadala kwa pumba za mpunga tunazozitoa wilaya ya Butaleja. Pumba huchomwa ndani ya mapipa yasiyopitisha hewa nyingi mpaka ziwe kaa jeusi, zikasagwa, zikachanganywa na uji wa unga wa muhogo, ndipo zikaingia kwenye mashine ya kushindilia, nayo mashine hiyo huendeshwa na mota ya fezi tatu, yaani inayohitaji njia tatu za umeme kwa pamoja. Siku hiyo fezi moja ilikatika na mbili zikabaki. Mota ilianza kunguruma bila kuzunguka, na kijana wa zamu alipofika kwenye swichi, banda lilikuwa limejaa moshi wa vanishi inayofunika nyaya za mota. Fundi alipoifungua alituonyesha nyaya za shaba: mafungu mawili yalikuwa meusi tititi, la tatu bado linang'aa kama siku liliposukwa. Akasema hiyo ndiyo alama ya mota iliyonyimwa fezi moja. Kifaa cha kuikinga tulikuwa nacho. Kilikufa mapema zaidi, siku volti ziliporudi kwa kishindo usiku.

Kusukwa kwa mota kunalipwa kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, na mkopo wa safari iliyopita bado hatujaumaliza. Wakati huo wafugaji wa kuku wanaotumia mkaa wetu kuwapasha joto vifaranga hawawezi kungoja. Kifaranga hafahamu habari ya fezi. Wamerudi kwenye mkaa wa miti, na baadhi yao sijui kama tutawapata tena.

Mafundi wa hapa wanaamini, nami naamini pamoja nao, kwamba transfoma yetu imeelemewa. Iliwekwa wakati mtaa ulikuwa na taa na redio tu. Leo imebeba vinu vya unga, wachomeleaji, majokofu ya maziwa na karakana za useremala. Huenda pia kuna waliojiunganisha kwa njia za panya. Hayo anaweza kuyathibitisha mtu mwenye vipimo, iwapo atatumwa.

Mheshimiwa, miaka mingi wananchi wa nchi hii waliambiwa kwamba shida ni uhaba wa mabwawa, nasi tukaelewa. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bujagali lenye megawati 250 lilizinduliwa mwaka 2012, Isimba lenye megawati 183 mwaka 2019, na mwezi Septemba 2024 Karuma lenye megawati 600 likazinduliwa rasmi. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi kusambaza umeme ulipomalizika tarehe 31 Machi 2025 na kazi hiyo ikarudi mikononi mwa serikali, tuliambiwa umeme utakuwa nafuu na huduma itakuwa bora. Tuliyasikia maneno hayo kwa masikio yetu na tukayaamini. Maji ya Nile yanafanya kazi yake pale Karuma. Kinachokosekana ni kile kipande cha mwisho, kati ya laini kubwa na mlango wa karakana, na kipande hicho hakizinduliwi na mtu yeyote.

Ninajua kwamba mahitaji ya viwanda yanaongezeka na kwamba viwanda ndivyo vinavyotumia zaidi ya nusu ya umeme unaouzwa nchini. Sina ugomvi na viwanda vikubwa, kwa kuwa watoto wetu wameajiriwa humo. Bustani za viwanda za Namanve, Luzira, Mukono na Iganga zilijengewa vituo vyake vya kupozea umeme, na Rais ametaja mara nyingi lengo la senti 5 za dola kwa uniti kwa ajili ya viwanda. Sisi tunaotengeneza nishati yenyewe hatumo katika hesabu hiyo. Tena sasa tunashindana na vikubwa hata kwa malighafi: pumba za kahawa na za mpunga, zilizokuwa takataka za kuchomwa kando ya kinu, zinatafutwa na tanuri za saruji na za matofali, na bei yake imepanda.

Hapo ndipo nisipoielewa sera. Mwezi Mei 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku biashara ya mkaa wa miti kaskazini mwa nchi, eneo la Acholi likiwemo, na ilikuwa amri ya haki, kwa kuwa miti ya mishea na mikora ilikuwa inateketea. Mwaka huohuo ilitoka Sera mpya ya Nishati, na mwezi Desemba mjini Dubai ukazinduliwa Mpango wa Mpito wa Nishati, wenye lengo la kila Mganda kupata umeme na njia safi ya kupikia ifikapo 2030. Sasa mama wa Mbale anayetakiwa kuuacha mkaa wa mti atapikia nini, ikiwa anayetengeneza mkaa mbadala analala gizani? Serikali inajua kulea ubunifu inapotaka: gari la umeme la Kiira EV lilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, likavumiliwa, likapewa fedha, na leo mabasi ya umeme yanaundwa Jinja. Nafurahi kwa hilo kwa moyo wote. Uvumilivu wa namna hiyo haujafika kwa vikundi kama chetu, ambavyo bado vinasumbukia hata gharama ya kupata alama ya ubora.

Nilikuwa na mengi ya kuomba. Nilitaka karakana za nishati safi zihesabiwe kuwa viwanda katika bei ya umeme, na zitengewe fungu katika fedha za ubunifu. Nayaacha hayo mezani kwako, uyatazame utakapopata nafasi. Leo naomba jambo moja: mtume mhandisi aipime transfoma yetu, na akishaipima tupewe tarehe ya kubadilishwa kwake, kwa maandishi, tukaibandike mlangoni wateja waisome. Hata ikiwa ni mwezi wa mbali, tupeni tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengenezaji wa mkaa mbadala, Mbale