Matawi ya sororiti yabaki kwenye jedwali

Mhariri,

Safu yenu juu ya kamusi elezo za mtandaoni iliuliza kwa nini makala za matawi ya sororiti, yaani vyama vya udada vya vyuo vikuu vya Marekani, hufutwa karibu mara tu zinapoandikwa. Ikadokeza kuwa sababu ni dharau kwa wanawake. Dharau hiyo ipo, nasi tutaifikia. Lakini nyingi ya makala hizo huanguka kwa sababu nyepesi zaidi: hakuna mtu wa nje aliyewahi kuandika jambo la maana kuhusu tawi lenyewe.

Tusichanganye mambo mawili. Sororiti iliyopo katika chuo kimoja tu, isiyo chini ya chama cha taifa, hupimwa kama jumuiya nyingine yoyote. Tawi ni kipande cha chama cha taifa, hupewa hati na makao makuu, na jina lake kwa kawaida ni herufi za Kigiriki. Alpha Kappa Alpha, iliyoanzishwa Howard University tarehe 15 Januari 1908, ina matawi zaidi ya 1,000. Delta Sigma Theta, iliyozaliwa chuoni hapohapo mwaka 1913, nayo ni vivyo hivyo. Karibu kila chama kina tawi liitwalo Alpha na lingine Beta, na herufi 24 zikiisha huanza kuunganishwa mbilimbili. Anayetaka makala kwa kila tawi atuandalie kwanza ukurasa wa kutofautisha matawi yote yaitwayo "Alpha".

Kanuni ya Wikipedia ya Kiingereza inasema tawi la shirika maarufu halipati makala yake mpaka vyanzo vya kuaminika, visivyofungamana nalo, viwe vimelijadili kwa kina, tena vyanzo vinavyovuka mipaka ya eneo lake. Chukua makala ya kawaida ya tawi, tuseme ina tanbihi kumi, uzipepete. Nne ni tovuti ya tawi, toa. Mbili ni jarida la chama cha taifa. Hilo lafaa kuthibitisha tarehe, lakini ni mama anayemsifu bintiye; toa. Mbili ni gazeti la wanafunzi wa chuo hichohicho, nalo halivuki geti la chuo. Moja ni Baird's Manual, kitabu cha marejeo kuhusu vyama hivi kilichoanza kuchapishwa mwaka 1879 na kufikia toleo la 20 mwaka 1991. Chanzo kizuri sana, ila tawi humo hupata mstari mmoja: jina, chuo, mwaka. Ya kumi ni habari ya gazeti la mji kwamba wasichana wamechangisha fedha za hisani. Kwenye ungo hakijabaki kitu.

Hapo mwandishi hukimbilia watu mashuhuri. Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa Howard mwaka 1986, kweli, na jambo hilo mahali pake ni kwenye makala ya Harris. Umaarufu haurithiwi. Matukio nayo ni vilevile. Tarehe 15 Januari 1978 Ted Bundy aliingia katika nyumba ya sororiti ya Chi Omega huko Tallahassee, Florida, akaua wasichana wawili. Mengi yameandikwa, lakini yanamhusu muuaji na kesi yake. Mtu hawezi kuyatumia kuandika historia ya tawi.

Mfano unaokaribia zaidi kustahili makala ni tawi la sororiti ya Delta Zeta katika DePauw University, Indiana. Wanachama 23 waliambiwa na chama cha taifa waondoke, New York Times ikaandika Februari 2007, na mwezi uliofuata chuo kikakata uhusiano na tawi. Hapa tawi lenyewe ndilo habari, tena nje ya jimbo lake. Hata hivyo tungeiweka kama sehemu ndani ya makala ya Delta Zeta, kwa sababu ukiondoa mwaka huo mmoja hakuna cha kujaza ukurasa. Ingekuwa kashfa iliyovishwa nguo za historia.

Nyumba ni suala jingine. Kuna nyumba za sororiti zilizoingizwa katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria, lililoundwa kwa sheria ya 1966. Fomu ya kuombea jengo hueleza msanifu, mwaka wa ujenzi, mtindo, na mara nyingi historia ya waliokaa humo. Andika makala ya jengo. Tawi litapata aya yake mlemle.

Sasa ile dharau. Sharti la vyanzo vya nje huwaumiza zaidi matawi ya mijini ya wanawake Weusi waliokwisha hitimu, maana magazeti makubwa ya Wazungu yaliwapita kama hawapo. Basi kabla ya kupiga kura ya kufuta, fungua hifadhi za magazeti ya Weusi: Chicago Defender, Pittsburgh Courier na Baltimore Afro-American. Majadiliano ya kufuta hudumu angalau siku saba. Muda huo unatosha kutafuta, na wengi hawatafuti. Tahadhari moja tu: safu za jamii za magazeti hayo zimejaa orodha za wageni wa karamu, na hizo hazihesabiki. Tafuta habari ya kazi iliyofanywa. Na kazi ikiwa ya chama kizima, kama Mradi wa Afya wa Mississippi wa Alpha Kappa Alpha ulioanza 1935, mradi ndio unaostahili makala.

Matawi yaliyobaki yanatoshwa na jedwali: jina la tawi, tarehe ya hati, chuo, mji, jimbo, hali yake, na tanbihi kwa kila mstari. Makosa hutokea zaidi kwenye tarehe. Matawi mengi yalianza kama klabu ya chuoni iliyoomba kupokewa na chama cha taifa, na wanachama husherehekea mwaka wa klabu. Jedwali linataka mwaka wa hati. Tawi lililofungwa likafunguliwa tena liandikwe vipindi vyote viwili, si cha mwisho peke yake. Majina ya viongozi wa sasa yasiwekwe kabisa: ni wanafunzi, watu binafsi, na hubadilika kila mwaka. Maelezo yaliyonakiliwa kutoka tovuti ya tawi ni kosa la hakimiliki hata kama aliyeyanakili ndiye katibu wake.

Makala iliyokwisha andikwa isifutwe moja kwa moja. Igeuzwe kuwa ukurasa wa kuelekeza kwenye mstari wa jedwali. Matoleo ya zamani hubaki chini yake, na siku mtu akipata sura nzima ya kitabu cha mwanahistoria kuhusu tawi hilo, atairudisha bila kuanza upya.

Wahariri wa kujitolea wa kamusi elezo